Jina la Mwana

Katika barua mojawapo ya mwisho alizoandika kutoka Ufaransa mwezi Septemba 1915, John Kipling aliwaomba wazazi wake wamnunulie kibati kipya cha utambulisho, kwani cha kwanza kilikuwa kimempotea. Alieleza namna anavyokitaka: kiwe cha aluminiamu, kitiwe uzi wa kuvalia, na juu yake pachorwe jina lake, cheo chake, kikosi chake na dini yake. Ombi hilo lilikuja limechanganyika na maombi mengine madogo madogo ya kijana aliye mbali na kwao, na yaelekea alipoliandika hakulipa uzito kuliko hayo mengine. Alikuwa na umri wa miaka 18 na mwezi mmoja. Siku chache baadaye hakuna aliyejua alipo.

Habari ya kibati hicho ingalipotea pamoja na nyingi mfano wake, lau baba wa kijana huyo asingekuwa Rudyard Kipling, mwandishi ambaye wakati ule akisomwa dunia nzima. Wasomaji wa Kiswahili walimjua kwa hadithi za Maugli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, ambazo zilifasiriwa katika lugha hii tangu zama za ukoloni. Si wengi waliotambua kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyetunga maneno yaliyo chini ya sanamu ya askari katikati ya mji wa Dar es Salaam. Na wachache zaidi waliopata kuyasoma maneno yale huku wakimfikiria mwanawe. Lakini mambo mawili haya hayafahamiki vyema mpaka yawekwe pamoja. Aliyeandika kuhusu vijana wa Afrika ya Mashariki waliokufa bila ya makaburi alikuwa mzee aliyefiwa na kijana asiye na kaburi.

John alizaliwa tarehe 17 Agosti 1897 katika kijiji cha Rottingdean, pwani ya kusini ya Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu na mwana wa kiume wa pekee. Dada yake mkubwa, Josephine, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu huko New York mwaka 1899, akiwa na miaka sita. Kwa hiyo nyumba ile ilikwisha kuonja msiba wa mtoto kabla John hajajua kuunga maneno mawili. Walibaki yeye na dada yake wa pili, Elsie. Baba aliwaandikia watoto hawa barua nyingi kila waliposafiri au kuwa shuleni, barua zenye mizaha na michoro na maonyo, na zilizosalia zilikusanywa na kuchapishwa muda mrefu baada ya wote wawili, mwandishi na mwanawe, kwisha kufa.

Baba alitamani mwanawe awe baharia wa kivita, lakini macho ya kijana yalikuwa hafifu na Jeshi la Majini halikumtaka. Vita vilipozuka Agosti 1914 alikwenda kujiandikisha katika jeshi la nchi kavu, na huko nako madaktari wakamkataa kwa sababu ile ile. Jambo hilo lingeweza kuishia hapo, wala hapangekuwa na wa kumlaumu. Ndipo Kipling alipomwendea Lord Roberts, mkuu wa zamani wa majeshi na sahibu yake wa miaka mingi, ambaye alikuwa na madaraka ya heshima juu ya kikosi cha Irish Guards. Na kwa neno la mzee huyo kijana akapewa uofisa. Waswahili husema vita havina macho. Safari hii palikuwa na kijana asiyeona vyema, na palikuwa na watu wazima wenye kuona ambao walimfungulia mlango.

Ni dhulma, hata hivyo, kusema kwamba alisukumwa kwa nguvu. Yeye mwenyewe alitaka kwenda. Vijana wa tabaka lake na wa shule za aina yake walikuwa wakienda kwa makundi, na aliyebaki nyuma alitazamwa kwa jicho la dharau. Baba naye alikuwa amekwisha kusimama mbele za watu na kuwahimiza vijana wa nchi wajiunge, na mtu aliyewaita wana wa wenzake hakuona namna ya kumficha wa kwake. Kwa umri wake, John hakuweza kupelekwa ng'ambo bila ya ridhaa ya mzazi. Ridhaa hiyo ilitolewa. Alivuka bahari kwenda Ufaransa mwezi Agosti 1915, siku zile zile za kutimiza miaka 18.

Mapigano ya Loos yalianza tarehe 25 Septemba, kaskazini mwa Ufaransa, katika nchi ya migodi ya makaa ya mawe, tambarare isiyo na kificho. Huko ndiko Waingereza walikotumia gesi ya sumu kwa mara ya kwanza, na mahali pengine upepo uliirudisha kwa wenyewe walioifungua. Siku ya tatu, tarehe 27, batalioni ya pili ya Irish Guards ilipelekwa mbele. Walifika kwenye kijisitu kilichokuwa kando ya machimbo ya chokaa, na kutoka hapo baadhi yao, John akiwamo, wakaendelea kuelekea majengo ya mgodi ambako Wajerumani walikuwa wameweka bunduki zao za rashasha. Alionekana amejeruhiwa. Wenzake waliporudishwa nyuma, yeye hakurudi pamoja nao. Yalikuwa mapigano yake ya kwanza. Kwa upande wa Waingereza, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea huko Loos walizidi 50,000.

Telegramu iliwafikia wazazi tarehe 2 Oktoba nyumbani kwao Bateman's, kusini mwa Uingereza. Ilisema kwamba amejeruhiwa na hajulikani alipo. Maneno haya ni machungu kuliko yanavyosikika. Msiba wa kawaida, kwa uzito wake wote, una njia yake: maiti huoshwa, husaliwa, huzikwa, watu hukaa matanga, huanua, na mfiwa, apende asipende, hushikwa mkono na ada akavushwa. Aliyeambiwa kwamba mwanawe hajulikani alipo hana pa kuanzia. Hawezi kukaa matanga kwa sababu huenda mwana yu hai. Hawezi kufurahi kwa sababu huenda amekufa. Kipling na mkewe Carrie waliishi katika hali hiyo kwa muda mrefu. Waliwatafuta askari waliorudi na majeraha, mmoja baada ya mwingine, wakawauliza walichokiona. Waliomba habari kupitia nchi zisizokuwa vitani. Inasimuliwa kwamba hata ndege za kijeshi zilidondosha juu ya mahandaki ya Wajerumani vikaratasi vilivyoandikwa kwa Kijerumani, vikiuliza habari za mwana wa mwandishi.

Miongoni mwa waliosaidia kutafuta alikuwamo Rider Haggard, ambaye kitabu chake Waswahili walikisoma kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwishoni mwa mwaka 1915 alikutana na askari mmoja wa Irish Guards aliyemweleza kwamba aliona ofisa kijana, ambaye hakuwa na shaka kuwa ndiye, akijaribu kujifunga kitambaa cha dawa kwenye kinywa kilichopasuliwa vibaya, akilia kwa maumivu. Askari yule alitaka kumsaidia, lakini akapita, akichelea kumwaibisha ofisa kwa kumkuta analia. Haggard aliyaandika hayo katika shajara yake. Kwa baba mtu hakuyasema. Ilikuwa ni huruma, na huenda kila mwenye moyo angefanya kama yeye. Lakini matokeo yake ni kwamba picha ya mwisho ya mtoto, pengine ya kweli kuliko zote, ilibaki katika daftari la rafiki, na mzazi akaendelea kuuliza.

Wasomaji wamezoea kulitafuta jibu la Kipling katika mashairi yake. Wengi hulitaja shairi la mwaka 1916 linaloitwa "My Boy Jack", ambalo mzazi huuliza habari za mwanawe, na hulichukulia kuwa ni maombolezo ya John. Inafaa kuangalia kwamba shairi hilo lilitoka pamoja na maandishi yake juu ya vita vya majini, na kwamba Jack ni jina ambalo Waingereza humwita baharia yeyote. Mfasiri asiyelijua hilo atamtia John peke yake mahali ambapo baba yake aliwatia wana wa watu wote. Wengine huitaja beti moja fupi katika mfululizo wa tungo zake za makaburini za mwaka 1919, ambamo waliokufa vitani wanasema kwamba sababu ya kufa kwao ni uongo wa baba zao. Baadhi ya wahakiki wameiona kuwa ni kukiri kosa lake mwenyewe. Wengine wamesema aliwakusudia viongozi ambao hawakuiandaa nchi kwa vita. Hoja zote mbili zina watetezi, na yeye hakueleza.

Lililo wazi zaidi kuliko mashairi ni kazi aliyoifanya. Alipoombwa kuandika historia ya Irish Guards katika vita vile, alikubali, na kwa miaka kadhaa akasoma shajara za kikosi, barua na masimulizi ya askari, mpaka mwaka 1923 zikatoka juzuu mbili. Msomaji anayefungua ukurasa wa Loos akitaraji kilio cha baba hakipati. John anatajwa kwa maneno machache makavu, miongoni mwa maofisa wenzake waliopatwa na maafa siku ile, kama alivyotajwa yeyote mwingine. Mtu aliyekuwa na uwezo wa lugha kuliko wengi wa wakati wake alimpa mwanawe maneno sawa na aliyowapa wana wa watu asiowajua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini mzazi huyu alichagua kutoudai uchungu huo kuwa ni wake peke yake.

Uamuzi huo ulikuwa pia msingi wa kazi yake ya pili. Mwaka 1917 serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na Kipling akawa mmoja wa wajumbe wake na mshauri wake katika mambo ya maandishi. Tume iliweka kanuni ambazo kwa wakati ule zilikuwa ngeni kabisa. Maiti hawatarudishwa makwao, ili tajiri asimchukue wake na maskini akabaki hana. Mawe ya makaburi yatakuwa ya namna moja, kwa jenerali na kwa kuruta, na watalala safu kwa safu bila ya kutenganishwa kwa vyeo. Kila mmoja atakuwa na jina lake, ama juu ya kaburi, ama, kama maiti hakupatikana, juu ya ukuta wa kumbukumbu. Familia nyingi zilikasirika, hasa zile zilizokuwa na uwezo wa kuwajengea wana wao makaburi ya fahari. Jambo hilo lilipojadiliwa bungeni mwezi Mei 1920, ilisomwa barua ya Kipling iliyowakumbusha wenye kulalamika kwamba wao angalau wanalo kaburi la kuliendea, ilhali yeye na mkewe hawatakuwa nalo kamwe.

Ni yeye aliyechagua, kutoka katika kitabu cha kale cha hekima cha Wayahudi, maneno yaliyochongwa kwenye jiwe kubwa la ukumbusho katika makaburi ya Tume, yasemayo kwamba jina lao litaishi milele. Ni yeye pia aliyetunga maneno ya jiwe la maiti asiyetambulika, kwamba Mungu ndiye amjuaye. Jina la John liliandikwa kwenye ukuta wa Loos, pamoja na majina zaidi ya 20,000 ya waliopotea. Baba alihudhuria ulipozinduliwa mwaka 1930, na alitoa fedha zake ili kila usiku pigwe tarumbeta la buriani mahali hapo.

Kanuni ile ya usawa ilikuwa njema. Swali ni kwamba ilifika hadi wapi.

Vita vile vile vilipiganwa Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka minne. Unguja iliisikia mizinga yake mapema: tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus ilipokuwa imetia nanga mbele ya mji, ikaizamisha. Mabaharia wa Kiingereza waliokufa siku ile walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, na majina yao yanajulikana. Bara, vita vilizunguka kutoka Tanga na Kilimanjaro hadi Rufiji, vikaingia Msumbiji na kumalizikia Rhodesia ya Kaskazini, ambako Wajerumani waliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya amani kutangazwa Ulaya. Njia hazikuwapo, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, wengi wao kwa kulazimishwa, na kwa hesabu za chini waliokufa wanakaribia 100,000. Risasi iliwaua wachache wao. Waliobaki walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa mapafu, kwa njaa, kwa unga usioiva na kwa uchovu. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, waliopotea vivyo hivyo. Jina la kikosi chao, kwa Kiingereza Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, na wanunuzi wa nazi na khanga hulitamka kila siku bila ya kujua kwamba wanawataja maiti.

Sanamu ya askari ya Dar es Salaam ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamemsimamisha gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann. Ni askari mmoja wa Kiafrika, amejiinamisha mbele, bunduki mkononi, singe yake imeelekea bandarini. Sanamu za namna hiyo zilisimamishwa Nairobi na Mombasa pia. Maandishi ya Dar es Salaam yako kwa Kiingereza na Kiswahili. Yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana. Yanawataja wapagazi kuwa walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Yanawataja na wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Kisha yanamgeukia msomaji na kumwambia kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Mtu anayeishi kwa kufasiri huzoea kusimama kwenye kila neno. Hapa yapo mengi ya kumsimamisha. Mfalme yupi, kwa kijana ambaye mwaka 1914 alihesabiwa kuwa ni wa Kaiser na mwaka 1917 akahesabiwa kuwa ni wa George? Nchi ipi, ikiwa ramani yake ilikuwa ikibadilika chini ya miguu yake? Lakini neno zito kuliko yote ni lile la wana. Huko Loos, wajibu wa kulikumbuka jina uliwekwa juu ya dola: dola ilichonga, dola ililipa, dola iliajiri wa kufyeka majani. Dar es Salaam wajibu ule ule ulihamishiwa kwa watoto wa marehemu. Mahali pa majina pakawekwa ahadi kwamba kuna wengine watakaoyakumbuka.

Ahadi hiyo haikutolewa kwa kukosa njia nyingine. Baada ya vita maofisa wa Tume na wa serikali za kikoloni waliandikiana na wakakubaliana kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori. Walisema kwamba Waafrika hawajafikia daraja ya kuthamini jiwe la kaburi, na kwamba kuandika majina yao ni kupoteza fedha. Watu hao hao, katika ofisi nyingine, walikuwa na hesabu za mishahara ya wapagazi waliokufa, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikulipwa, kwa hoja kwamba warithi hawakupatikana. Wana waliotegemewa kulikumbuka jina ndio hao walioshindikana kuonekana ulipofika wakati wa kulipwa.

Katika mwambao na visiwa hivi, aliyewahi kuhudhuria maziko anajua thamani ya jina. Udongo ukisha kurudishwa, mtu hukaa kichwani pa kaburi akasoma talkini, akamwita marehemu kwa jina lake na jina la mama yake. Hamwiti askari, wala mpagazi, wala shujaa. Aliyekufa mbali husaliwa sala ya ghaibu, na hitima husomwa kwa kumtaja. Walio wa dini nyingine wana ada zao, na hizo pia hazifanyiki kwa mtu asiye na jina. Ni kweli kwamba ukoo una njia zake za kukumbuka ambazo hazihitaji jiwe: mtoto wa ndugu hupewa jina la aliyepotea vitani, naye akampa mjukuu wake. Kwa njia hiyo baadhi ya majina yamevuka miaka 100. Lakini hayo ni majina yaliyobahatika kuwa na ndugu, na mara nyingi yamevuka yenyewe tu. Mwenye kuyabeba hajui yule wa kwanza alifia wapi, mwezi gani, wala kwa mzigo wa nani.

Na kijana wa miaka 18 hana wana. Hilo ndilo jambo ambalo Kipling alikuwa akilijua kuliko yeyote aliyepata kusimama mbele ya sanamu ile. Askari mzee akifa, huacha nyuma yake watu ambao kuwako kwao ni ukumbusho. Kijana hufa kabla ya kumpata yeyote wa kumkumbuka. Walio nacho kifo chake ni waliomzaa, ambao kwa kawaida ya mambo watamfuata upesi. Kipling alifariki Januari 1936 bila ya kulijua kaburi la mwanawe. Carrie alifariki mwaka 1939. Elsie aliishi hadi mwaka 1976, naye hakuacha mtoto. Kama jina la John lingengoja wana wa kulikumbuka, hata wana wa ndugu, lingekwisha siku hiyo.

Halikwisha. Mwaka 1992 Tume, baada ya kulinganisha kumbukumbu zake, iliamua kwamba luteni mmoja wa Irish Guards asiyetambulika, aliyezikwa katika makaburi ya St Mary's huko Haisnes, karibu na Loos, ndiye John Kipling. Jiwe likabadilishwa. Watafiti waliubishia uamuzi huo kwa miaka mingi, kwa hoja za cheo na za mahali maiti alipookotwa, na wengine wakautetea kwa ushahidi mpya. Ikiwa uamuzi ni sahihi, basi kwa zaidi ya miaka 70 mwana alilala chini ya maneno ya baba yake, yasemayo kwamba Mungu ndiye amjuaye. Waliolirudisha jina lake hawakuwa wa ukoo wake. Walikuwa makarani waliosoma daftari, na mchonga mawe aliyelipwa ujira wake.

Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti juu ya waliosahauliwa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na kwamba wengi wao walikuwa wa Afrika ya Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Mwezi Januari 2025 ulizinduliwa mjini Cape Town ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika ya Kusini zaidi ya 1,700 waliokufa katika utumishi huo, kila mmoja kwa jina lake. Inaonekana basi kwamba majina, palipotafutwa, yalipatikana.

Kwa wapagazi wa huku kazi ni kubwa zaidi, na daftari nyingi zimeliwa na mchwa, moto na uzembe. Lakini maneno ya chini ya sanamu ya Dar es Salaam hayafai tena kusomwa kama faraja. Yafaa yasomwe kama deni, na mdaiwa si watoto wa marehemu. Kwa John Kipling haikusemwa kwamba wanawe watakumbuka. Aliyemtuma ndiye aliyekumbuka, kwa fedha zake na watumishi wake, tena kwa miaka 77 alipokuwa hajaonekana. Kijana aliyechukuliwa na mkusanya wapagazi kutoka shambani kwa mama yake mwaka 1917, akatwikwa mzigo, akafa kwa kuhara kando ya Rufiji, naye alitumwa na hao hao.